Kazi Isiyo ya Kisu

9 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yake, umwambie huo mguu auweke juu anapoketi, asijifanye msichana. Sisi huku tunazisukuma siku. Baba watoto amepata kazi ya kushona sare za hospitali, basi chumba kizima kimejaa vitambaa vya kijani, na hata chakula tunakula tumekalia mikono ya madaktari. Mdogo ameota jino na anatafuta wa kumng'ata. Mkubwa ananiuliza kila mara kama Babu yake kweli hasikii au anajifanya. Nimemwambia yote mawili.

Ndiyo maana nakuandikia. Simu kwako ni mluzi tu, masikio yako nyundo ilishayala zamani.

Visu vyako vinatoka, Mjomba. Meza yangu iko mlangoni kabisa mwa soko, wanapopita wenye mikahawa na wapishi wa shule, na siku za soko watu wananizunguka mpaka jirani yangu muuza ndoo ananuna. Unaujua mdomo wangu. Hukuniita Redio bure.

Sasa kuna jambo. Nimerudishiwa viwili vimevunjika. Kimoja ni cha mwenye bucha, na huyo ni mgomvi, tumwache kwanza. Cha pili ni cha mpishi mkuu wa shule ya bweni, mama mmoja mnene, mpole, ambaye wanafunzi wanamwita Mama Masufuria. Anasema alikuwa anapasua boga, kisu kikakatika katikati kama biskuti. Amekuja na vipande vyote kwenye kitambaa, pamoja na ile karatasi yako ya dhamana ambayo ameitunza kama cheti cha ndoa. Akanisomea mbele ya watu: "Kisu hiki nimekifua mimi. Kikivunjika kwa kazi ya kisu, wakati wowote, nitatoa kingine. Kikivunjika kwa kazi isiyo ya kisu, sidaiwi." Kisha akaniuliza kama boga ni kazi ya kisu. Ningemjibu nini?

Vyote viwili nimempa kondakta wa basi, vitakufikia kabla ya barua hii. Tafadhali tuma vingine, watu wasije wakasema karatasi yako ni ya kufungia karanga.

Mpwa wako,
Redio


26 Februari

Mwanangu Redio,

Marahaba. Mama yako anasema mguu ni wake na atauweka anapotaka yeye. Umevimba tena tangu juzi, lakini ukimuuliza anakwambia ni kiatu. Mimi mzima. Mivukuto ya kupulizia moto imetoboka, nimeitia kiraka cha ngozi ya viatu vyangu vya harusi, kwa hiyo hilo nalo limekwisha. Mwambie mkubwa wako kwamba Babu anasikia anachotaka kusikia, na hilo ni tunda la uzee, asiliombe mapema.

Visu vimefika. Nimevitazama juani, nikavipaka mafuta ya taa, nikavifuta, nikavitazama tena. Mafuta ya taa huingia mahali jicho haliingii na huonyesha ufa ulipokuwa. Vyote viwili vina kibonye, alama ya kubonyea, mgongoni, vidole vinne mbele ya mpini, na juu ya kibonye mtu amepitisha tupa ya kusugulia chuma ili kisionekane. Kibonye kama kile hakitoki kwenye boga, wala kwenye mfupa. Kinatoka kwenye nyundo.

Nikueleze, maana wewe unauza tu na hujawahi kusimama mbele ya moto. Visu vyangu ni vigumu kutoka makali mpaka mgongo. Ndiyo maana mpishi anakaa nacho msimu mzima bila kutafuta kinoo. Lakini chuma kigumu hakitaki kugongwa. Ukikigonga mgongoni hakivunjiki siku hiyo. Kinapata ufa kwa ndani, mwembamba kuliko unywele, kinakaa nao kimya. Kisha siku moja mtu anakata kitu laini kabisa, kinakatika mkononi mwake, naye anaapa mbele ya Mungu kwamba hakufanya kitu.

Kugonga ni kazi ya patasi na shoka. Si kazi ya kisu. Kwa hiyo sitoi kingine, si kwa mwenye bucha wala kwa mama wa masufuria. Kugonga wamegonga, na tupa wameipitisha, halafu wananiletea mimi hadithi ya boga. Waambie nina masikio mabovu, si macho.

Mjomba wako


14 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo nyingi. Pole na mguu wa Mama, na pole na viatu vya harusi, ingawa sidhani kama ungevivaa tena. Huku tumekuwa na homa ya mafua nyumba nzima. Baba watoto anashona huku anapiga chafya, na nimemwambia wagonjwa wakivaa sare zile watazidi kuugua. Mdogo sasa anatembea akishika ukuta.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Mjomba, nakuomba ubadilishe ile karatasi. Iandikwe tu, "Kikivunjika nitatoa kingine," basi, bila maswali. Wenye maduka ya visu vya kiwandani wanabadilisha bila kumchunguza mtu mgongo wala tumbo. Kisha fikiri hivi. Anayejua kutumia kisu hakivunji. Anayevunja ni yule asiyejua. Sasa hiyo dhamana yako ni ya nani, kama asiyejua hayumo na anayejua haihitaji? Mtu akinunua kisu hapa mezani hanunui pamoja na akili yako. Wewe uko huko kwenye moto, na yeye anaondoka na chuma na karatasi tu.

Mwenye bucha amenitukana, nimezoea. Mama Masufuria nimempa kingine katika vilivyokuwa mezani. Usiniulize sana, nilimhurumia. Alikuwa amesimama pale na vipande vyake, na kule shuleni anapikia watoto wengi sana kwa kisu cha kuazima.

Na jambo jingine, nauliza tu. Huo ufa unaousema, hauonekani kabisa kwa macho? Na kisu kikigongwa mara moja tu, tena kidogo, na kikakaa vizuri mwezi mzima, si ina maana kimepona?

Mpwa wako,
Redio


2 Aprili

Mwanangu Redio,

Marahaba, na poleni na mafua. Mama yako ameenda zahanati hatimaye. Wamempa vidonge vya rangi mbili, anavichagua kwa uzuri wa rangi. Mvua imenyesha mpaka makaa yamelowa, siku mbili tanuru halikushika.

Chuma hakiponi. Mara moja inatosha. Kuna kitakachokaa mwezi na kuna kitakachokaa miaka, na hakuna atakayekwambia kipi ni kipi.

Kuhusu karatasi, hapana. Nikisema nitalipia kila upumbavu, kesho mtu atafungulia kisu changu kopo la rangi, keshokutwa atakitumia kama jeki ya gari, na mimi nitakuwa nafua kwa ajili ya wavunjaji. Neno langu lina mipaka na ndiyo maana ni neno. Visu vingine vimeletwa kwangu moja kwa moja na abiria wa mabasi, vyote vya mji wako, vyote kibonye mahali palepale, vyote vimepigwa tupa. Watu wa mji wako wana ugonjwa wa nyundo, mwanangu. Nimevirudisha vilivyo. Na karatasi mpya nimeziongezea mstari chini: "Anayegonga mgongo amejivunjia mwenyewe."

Kumpa yule mama kisu kingine ulikosea. Umemfundisha kwamba ukidanganya kwa sura ya huruma unapewa. Una moyo wa marehemu mama aliyekuzaa, si wa huyu mke wangu aliyekulea, na dada yangu alinyonywa na kila aliyejua kukunja uso.

Mjomba wako


30 Mei

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia, nisamehe. Watoto wazima. Baba watoto mzima. Mama nasikia kwa kondakta kwamba sasa anatembea na fimbo, nami sikuambiwa na mtu wa nyumbani. Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Mjomba, kile kisu nilichompa Mama Masufuria kimevunjika. Alikuwa jikoni asubuhi anakata karoti, kikakatika, na kipande cha mbele kikaruka kikamwingia jicho la kulia. Wasaidizi wake wanasema hakupiga kelele. Aliketi juu ya gunia la unga akaomba maji. Nilikwenda kumwona hospitali. Amefungwa bandeji mpaka shavuni, na anapapasa kwa mkono kutafuta kikombe, hata kile cha upande anaoona. Jicho limetoka. Akaniuliza kama nimepata hasara.

Sasa sikiliza, hili ndilo la kuandikia. Mkuu wa shule anasema kama kisu kilikuwa kibovu, hiyo ni ajali ya kazini. Watamtibu, watampa haki yake, na kazi yake itabaki. Lakini kama alikitumia vibaya, huo ni uzembe wake mwenyewe na kazi hana. Mhasibu wa shule amekuja mpaka mezani kwangu, akachukua moja ya karatasi zako mpya, akaweka kidole kwenye ule mstari wako wa chini. Wanangoja neno la aliyekifua. Yule mama ni mjane, anasomesha wajukuu kwa mshahara ule.

Vipande nakuletea kwa basi, maana mhasibu ametaka uvione kabla ya kusema. Ningekuwa na uwezo nisingevituma. Mjomba, nakupigia magoti. Andika kwamba kisu kilikuwa kibovu. Andika kwamba kiliungua motoni, au vyovyote mnavyosema nyinyi mafundi. Usipoweza kuandika hivyo, usiandike chochote, nitajua la kuwaambia.

Mpwa wako


11 Juni

Mwanangu Redio,

Marahaba. Fimbo ya Mama yako ni kweli. Alikataza usiambiwe, na mimi namwogopa yeye kuliko wewe.

Habari ya jicho imeniumiza. Nimeisoma nikaiweka, nikaenda nje, nikarudi nikaisoma tena. Mpe huyo mama pole yangu, na sisemi hivyo kwa desturi. Tangu nianze kazi hii hakuna chuma changu kilichokwenda mwilini mwa mtu kwa namna hiyo.

Vipande vimefika. Kibonye kipo palepale, na tupa ipo. Nilitamani kisiwepo, nakwambia kweli. Nimegeuza kile chuma juani mpaka macho yakaanza kutoa machozi, nikitafuta kosa langu. Kama ningelipata ningeliandika kwa herufi kubwa. Sikulipata. Kisu kilikuwa kizuri na mtu alikigonga.

Wewe unataka niseme nilikiunguza. Mwanangu, mimi sina shamba wala duka. Nina neno langu kwamba nikisema chuma ni kizima, ni kizima. Nimewaandikia shule moja kwa moja, kwa rejista, ili usiwe katikati. Nimeandika nilichokiona, wala sikuongeza. Kwamba kisu kiligongwa kwa nyundo mgongoni kabla ya kuvunjika, na kwamba hiyo si kazi ya kisu. Nimewaomba wamhurumie hata hivyo.

Najua utanuna. Nuna, kisha uniandikie.

Mjomba wako


22 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mdogo anatembea bila ukuta. Mkubwa amekuwa wa nne darasani, baba yake amemshonea suruali kwa kitambaa kilichobaki, anaonekana kama daktari mfupi. Mvua hakuna. Nimempelekea Mama mafuta ya kuchua kwa kondakta yuleyule, natumaini yamefika.

Usitume visu kwa sasa. Soko limepoa.

Mama Masufuria wamemwondoa. Anauza maji ya kunywa kwa vikombe karibu na geti la soko. Kila asubuhi napita hapo.

Mpwa wako


3 Septemba

Mwanangu,

Mafuta yamefika, Mama yako anashukuru.

Juzi alikuja hapa karakana mtu mwenye mkahawa, anatoka mji wako, yuko safarini kumzika ndugu yake. Alitaka kisu. Nikampa akishike. Akakigeuzageuza, kisha akanisemesha nami sikushika neno, basi nikampa chaki aandike mlangoni kama wanavyofanya wote. Akaandika: "Nionyeshe na msumari, kama binti yako anavyofanya."

Nikamwashiria anieleze. Akaandika mpaka mlango ukajaa. Kwamba wewe unalaza msumari kwenye gogo, unaweka makali ya kisu juu yake, unapiga mgongo kwa nyundo, na msumari unakatika. Kwamba watu wanapiga makofi. Kwamba anayenunua hataki kingine, anataka kilekile alichokiona kikikata msumari, nawe unampitishia tupa kidogo mgongoni, unakifuta kwa kitambaa, unampa na karatasi yangu. Yeye mwenyewe alinunua hivyo mwaka jana. Aliniandikia yote haya akitabasamu, kwa kunisifia.

Alipoondoka nilichukua kisu kizima ukutani, nikalaza msumari kwenye fuawe, nikagonga. Kibonye kikatokea vidole vinne mbele ya mpini. Nikapitisha tupa. Nikakilinganisha na vipande vya yule mama ambavyo bado ninavyo. Nikapaka mafuta ya taa, na ufa ukajionyesha.

Nimewaita watu waongo, Redio. Wote. Na yule mama nimemwandikia hukumu kwa mkono wangu, nikaituma kwa rejista.

Nataka jibu la jambo moja tu, kama ni wewe. Safari hii usianze na habari za watoto.

Mjomba wako


19 Septemba

Ni mimi.

Sikujua, Mjomba. Kabla ya barua yako ya mwezi wa pili sikujua kabisa, naapa kwa kaburi la mama yangu. Nilipoisoma ndipo nilipojua. Nyundo niliiweka chini siku ileile na sijaishika tena. Lakini visu vilivyokuwa mezani vilikuwa vimeshagongwa vyote, na vingine vilikuwa vimeshakwenda kwa watu. Ningefanya nini? Nilivitazama juani kimoja kimoja, sikuona kitu, nikajiambia labda vyangu niligonga kwa mkono mwepesi. Nikaviuza. Kile cha Mama Masufuria nilikichagua mimi mwenyewe, nikampa nikijua kimegongwa. Nilichagua kilichoonekana kizuri kuliko vyote.

Sasa na mimi niulize. Nilijifunza kwa nani? Siku za gulio ulikuwa unaniketisha mbele juu ya debe, unaniambia nishike misumari. Ulilaza msumari, ukagonga, ukakatika, watu wakapiga makofi, wewe ukaniinamia ukaniambia, "Umeona? Hicho ndicho chuma cha kwetu." Nilikuwa mtoto mwenye fahari kuliko wote katika gulio lile. Nilipofungua meza hii nilifanya ulichofanya. Hata maneno ni yaleyale. Hukuniambia hata siku moja kwamba ni kosa, mpaka ulipokuja kuniambia kwa kuwatukana wateja wangu.

Usiwaandikie shule. Nakuomba kwa yote uliyonilea. Wakijua ni mimi watanipeleka polisi, na haki ya yule mama watanidai mimi. Baba watoto hajui kitu. Meza ndiyo inayotulisha, ushonaji wake ni wa msimu. Nina watoto wawili, Mjomba, na wewe unajua mtoto anayebaki bila mama anakuwaje, maana ulimlea mmoja.


5 Oktoba

Mwanangu Redio,

Mguu wa Mama yako umeshuka. Nimemwambia yote. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama una chakula.

Kisu cha gulioni hakikuwa cha kuuza. Nilikifua kwa ajili ya msumari tu, makali magumu na mgongo laini, ili kikipigwa kimeze pigo. Kingekuwa cha mpishi kingechoka makali baada ya siku chache. Jioni nilikuwa nakifunga kwenye kitambaa narudi nacho nyumbani. Aliyetaka kununua nilimpa kingine. Wahunzi wote wa gulio lile walikuwa na kisu cha namna hiyo, na hakuna aliyemwambia mteja. Wewe sikukwambia kwa kuwa ulikuwa mtoto, na mtoto husema, tena mtoto kama wewe. Ulipokua sikukumbuka kwamba hukuambiwa. Mtu hukumbuka kile anachokijua yeye na kudhani wenzake nao wanakijua.

Sitaki tubishane nani alianza. Yule mama hatapata jicho kwa ubishi wetu.

Kwanza, visu vyote ulivyogonga virudi. Vyote. Kila kimoja kilichoko jikoni kwa mtu kinaweza kufanya vilevile kesho, na hili halina kesho wala keshokutwa. Simama mezani utangaze, nenda milangoni kwa wenye mikahawa, mbembeleze hata yule wa bucha. Nitabadilisha kila kisu bila kutazama mgongo. Nimeanza kufua.

Pili, humu ndani kuna barua mbili za kwenda shule, sikuzifunga. Ya kwanza inasema kweli, kwamba visu viligongwa mezani kabla ya kuuzwa, na yule mama hana kosa. Haikutaji, lakini watajua mwenye meza ni nani. Ya pili inasema kisu kilikuwa kibovu tangu motoni, kwamba nilikosea kukipoza, na kwamba barua yangu ya mwezi wa sita niliiandika ili kujisafisha. Zote mbili nimezitia sahihi. Zote mbili zitamrudishia yule mama haki yake. Nilijaribu kuandika ya tatu na haipo.

Sitakwambia upeleke ipi. Nikikwambia utafanya kwa kuwa nimesema mimi. Lakini upeleke moja, kwa mkono wako, kabla mwezi huu haujaisha. Usipopeleka nitapanda basi.

Swali lako la mwezi wa tatu, dhamana ni ya nani, nimeliwaza sana nikiwa nafua.

Mjomba wako


28 Novemba

Kwako Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama shikamoo yake, nimefurahi mno kusikia mguu umeshuka, aendelee na yale mafuta asubuhi na jioni. Sisi wazima wote. Mkubwa amepanda mpaka wa pili darasani. Mdogo amejua neno la kwanza, nalo ni "hapana". Baba watoto amepata oda nyingine ya sare, safari hii za bluu, angalau tumebadilisha rangi.

Nilipeleka ya pili.

Ile ya kwanza niliichoma jikoni niliporudi nyumbani. Nilifika nayo mpaka getini mwa shule, nakwambia hilo ulijue. Zote zilikuwa mkobani na nilikuwa bado sijaamua. Halafu mlinzi akaniuliza, "Binti, una shida gani?" kwa sauti nzuri, nikaingia.

Mkuu wa shule aliisoma mbele ya mhasibu. Walinipa kiti, wakaniagizia chai. Walisema ni jambo la kusikitisha kwa mzee kama huyo kumsingizia mjane ili alinde jina. Mimi nilikunywa chai. Mama Masufuria wamemrudisha, si jikoni, wamempa ghala la vyakula, anakaa na funguo. Haki yake wamempa yote na hospitali wamelipa wao.

Visu vinarudi. Nimepita kila mkahawa kama ulivyosema. Wanavileta mezani, wengine wanavitupa. Wanayosema juu yako sitayaandika. Mimi wananionea huruma. "Pole, binti, kumbe mjomba wako alikuwa anakuletea vibovu na wewe unauza kwa moyo mweupe." Naitikia kwa kichwa. Vingi nimeshavifungasha, vitakuja kwa basi. Vipya usitume, Mjomba. Watu hawavitaki, hata vya bure. Mwenye duka moja amenipa visu vya kiwandani nijaribu, na vinatoka polepole.

Jana Mama Masufuria alikuja mezani. Ana kitambaa cheusi jichoni, amekishona mwenyewe. Alinishika mikono yote miwili, akasema anajua nilivyohangaika kwa ajili yake, na kwamba Mungu atanilipa. Kisha akaniuliza habari zako. Nikamwambia umezeeka. Halafu akaniomba nikuandikie kwamba amekusamehe.

Mpwa wako,
Redio